Jaji Anachagua Karani

Kazi ya ujaji ina heshima zake, na heshima zenyewe ndizo zinazommaliza mtu. Jaji haendi harusi ya binti wa wakili, kwa sababu wiki ijayo wakili huyo atasimama mbele yake kuomba ahirisho. Haketi barazani kwa jirani, kwa sababu jirani ana kesi ya mpaka na jirani wa pili. Hata mgahawani hapiti, maana mwenye mgahawa kashtakiwa na mpishi wake. Basi anabaki na joho, mafaili, na dereva anayejibu "Ndiyo, Mheshimiwa" hata akiulizwa kama mvua itanyesha.

Jaji wetu huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, aliyeletwa kituo kile kwa uhamisho. Alipewa nyumba ya serikali kubwa kupita kiasi, yenye vyumba ambavyo hakuwahi kuvifungua tangu mizigo yake iliposhushwa. Jioni aliwasha redio jikoni na nyingine chumbani, ili akiwa huku asikie kama kuna watu kule. Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili, na swali lake lilikuwa lile lile: "Mama, una mtu wa kuongea naye huko?" Mama alijibu kwamba kazi ni nyingi, nafasi ya kuongea hana. Binti hakuwa mjinga, lakini utamfanya nini mama aliyezoea kutoa hukumu na kufunga faili.

Mtu wa kuongea naye alimpata saluni.

Ilikuwa saluni ndogo nyuma ya duka la rangi na misumari, yenye viti viwili vya kusukia na kioo kilichopasuka pembeni. Alikwenda siku ya Jumamosi, siku ambayo dereva hakuwa kazini, kwa miguu, amevaa gauni la nyumbani na kitambaa kichwani. Msusi alipomuuliza anafanya kazi gani, alisema yuko serikalini, mambo ya mafaili. Hakudanganya, ila alipunguza. Kiti cha pili alikuwa amekaa mwanamke mwembamba mwenye mdomo usio na breki, ambaye alimtazama kichwa kwa muda, akatikisa chake, akauliza, "Dada, hizi nywele ziliwakosea nini?"

Jaji alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alicheka kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili, na hilo alilijua palepale, lakini hakuweza kujizuia. Kumbe mbavu zake zilikuwa bado zinafanya kazi.

Yule mwanamke aliitwa Mama Chapa na kila mtu pale, kwa sababu alikuwa mpiga chapa, na kwa jinsi alivyosema vidole vyake vilikuwa vikikimbia hata usingizini. Alifanya kazi kwa wakili mmoja mzee mpaka mzee alipofariki na ofisi kufungwa, naye akamwaga unga bila kosa. Tangu hapo alikuwa akichapa barua za watu kwenye duka la fotokopi, na umeme ukikatika siku yake inakwenda na maji. Nyumbani alikuwa na watoto wawili na mama mkwe, na mwenye nyumba aliyemwangalia kwa jicho la pembe. Yote hayo aliyaeleza akicheka. Jaji naye alipewa jina siku ile ile. Mama Chapa alisema huyu dada anaongea neno moja moja kama anamsubiri mtu amalize kuandika, basi aitwe Bi Taratibu. Saluni nzima ikakubali.

Jumamosi zikafuatana. Jaji akawa anaijua wiki yake kwa umbali uliobaki kufika saluni. Walikaa viti viwili jirani, vichwa vimeshikwa na wasusi, bakuli la karanga katikati, wakipiga soga za waume, wa kwake aliyekufa na wa Mama Chapa aliyetoweka, na kubishana nani kati ya hao wawili alikuwa hasikii zaidi akiitwa. Jaji aligundua kwamba yeye pia ana vichekesho. Alirudi nyumbani ngozi ya kichwa inamuuma, akapitiliza moja kwa moja mpaka jikoni bila kukumbuka redio. Jumapili moja binti alipouliza swali lake, alipata jibu jipya: "Ninaye." Binti akasema amefurahi sana, na sauti yake ilionyesha hivyo.

Sasa, pale mahakamani karani wa Jaji alikuwa amestaafu. Watumishi wengi wa mahakama huletwa na ofisi ya Msajili, kama meza na makabati yanavyoletwa, na jaji hupokea alichopewa. Lakini karani wa chumba chake jaji humchagua mwenyewe. Huyo ndiye anayeingia bila kubisha hodi, anayechapa hukumu kabla haijasomwa, anayejua nani atafungwa siku moja kabla ya mfungwa mwenyewe. Hawezi kupangiwa mtu wa namna hiyo kama anavyopangiwa dereva. Msajili hutangaza nafasi, huchuja maombi, kisha humletea jaji majina machache, na jaji huwaita, huwasaili, humtaja amtakaye. Anayetajwa hapo kaula.

Mama Chapa alipeleka maombi. Aliingia saluni Jumamosi hiyo kajipamba kama anakwenda kuposwa, akatangaza kwamba ameomba kazi mahakama kuu, karani wa jaji, na kwamba jina lake limepita mchujo wa kwanza. Wanawake wakapiga vigelegele. Msusi akauliza ni jaji gani, na Mama Chapa akasema yule mwanamke mpya, ambaye wanasema ana uso wa kufunga duka. Eti hajawahi kuonekana anacheka. Eti anakula mafaili, anashushia kwa chai. Saluni ilivunjika mbavu, na Jaji akacheka pamoja nao.

Hapo ndipo pa kusema. Mtu mwingine angesema. Jaji alifungua mdomo, akamwona Mama Chapa alivyomgeukia na uso mkunjufu kabisa, uso wa mtu asiyekuhofu hata kidogo, akahesabu ni nani mwingine duniani anayemtazama hivyo, akaufunga mdomo. Alijiambia atasema akirudi Jumamosi ijayo. Aliogopa, ndiyo kweli yenyewe, na mtu aliyezoea kuogopwa huwa hajui kuogopa vizuri.

Mambo yakaharibika zaidi kwa Mama Chapa kutaka mazoezi. Alisimama katikati ya saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akasema, "Bi Taratibu, jifanye wewe ndiye jaji. Niulize."

Jaji akajaribu kukataa, wenzake wakamshika mkono. Basi akauliza, kwa sauti ndogo, karani akisikia siri ya kesi kisha ndugu yake mwenyewe akaja kuiulizia, atafanya nini. Mama Chapa akajibu bila kufikiri kwamba yule wakili mzee alimfundisha jambo moja, kwamba mpiga chapa ana masikio kwenye vidole tu, na vidole haviongei. Jaji akauliza la pili na la tatu. Majibu yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri kuliko aliyowahi kuyasikia kwenye usaili wa kweli, na Jaji alijua palepale kwamba angekuwa hamfahamu kabisa mwanamke huyu, angemtaja. Wanawake wakasema Mama Chapa kafaulu ila huyo jaji ni mbovu, mpole mno, atadanganywa na wezi.

Siku ya kusomewa majina ikafika.

Kituo kile kilikuwa na desturi yake, ya zamani kuliko wote waliokuwamo. Kabla jaji hajawaita waombaji, alikwenda ofisini kwa Jaji Mfawidhi, mkuu wa kituo, akasimama, na Msajili akamsomea majina moja moja. Kwa kila jina jaji alijibu kwa mdomo wake. Akisema "simjui" au "namjua kwa sura", anaendelea na kazi, achague. Akisema "namfahamu", anakaa kando na jaji mwenzake anamchagulia. Akisema "ndugu yangu" au "rafiki yangu", jina linafutwa hapo hapo, na mwombaji haitwi tena. Hakuna anayeuliza kwa nini wala tangu lini. Desturi ilikuwepo kuwazuia majaji kujaza mahakama wapwa na mashemeji, na ilifanya kazi hiyo vizuri.

Mfawidhi alikuwa mzee mwenye utani mkavu, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Msajili alikuwa kijana nadhifu, kalamu mkononi. Jina la kwanza likasomwa, la mwanamume mmoja kutoka mahakama ya chini. Jaji akasema hamjui. La pili hamjui. La tatu lilikuwa la Mama Chapa, lile jina lake rasmi ambalo saluni alilitaja siku ya mazoezi tu, na Msajili akainua kichwa kusubiri jibu.

"Huyu tunakutana," akasema mwishowe.

Mfawidhi akauliza wanakutana wapi. Saluni, akajibu. Mzee akatabasamu, akasema hata yeye anakutana na kinyozi wake, na kama kukutana ni kesi basi kinyozi huyo angekuwa mtuhumiwa wa kudumu. Akauliza kama amewahi kufika nyumbani kwa mwanamke huyo. Hapana. Yeye amewahi kufika kwake? Hapana. Wana biashara pamoja, wana ndugu wa pamoja, wamewahi kusafiri pamoja? Hapana, hapana, hapana.

"Basi huyo unamjua kwa sura," Mfawidhi akasema. "Ukiona inakusumbua, sema unamfahamu, nikuchagulie mimi. Hilo tu."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mzee alikuwa ameushikilia kwa mkono wake mwenyewe. Jaji angepita, Mama Chapa angeitwa kwenye usaili, na kwa vidole vile na majibu yale angeshinda mbele ya yeyote.

Lakini kulikuwa na neno limemkaa kooni, na lilikuwa tamu. Hakuwahi kulitamka kwa habari ya mtu yeyote tangu amzike mume wake. Alitaka kulisikia likisemwa kwa sauti, ndani ya ofisi, mbele ya mashahidi wawili, ili liwe kweli kama mambo mengine yanavyokuwa kweli yakishasemwa mahakamani. Akasimama sawasawa.

"Ni rafiki yangu."

Mfawidhi akauliza kama ana hakika. Jaji akasema ana hakika. Kalamu ya Msajili ikapita juu ya jina mara moja, naye akasoma linalofuata.

Alitoka pale kifua mbele. Alitembea ukumbini akijiona mwaminifu, mtu aliyesema kweli hata pale uongo mdogo ulipokuwa na faida. Ilimchukua mpaka jioni, peke yake na bakuli la supu mezani, kuelewa alichofanya. Alikuwa amemnyang'anya kazi mtu anayeihitaji kuliko wote, ili yeye apate raha ya kusema neno. Uaminifu haukuwamo. Ilikuwa njaa tu, ya mtu aliyekaa peke yake mpaka akashika cha mwenzake akala. Aliisukuma ile supu. Alifikiria kurudi kwa Mfawidhi asubuhi, lakini alijua jina likishafutwa halirudi. Yeye mwenyewe angemkatalia jaji mwingine yeyote aliyekuja na ombi kama hilo.

Akawasaili waliobaki. Akamchagua yule mwanamume wa mahakama ya chini, mkimya, msafi, aliyebisha hodi hata alipoambiwa si lazima.

Jumamosi alijikaza, akaenda. Alikuwa amejipanga kusema yote kabla ya kukaa, ila Mama Chapa hakuwa amefika, na msusi akamkalisha, akaanza kumfumua. Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha Mama Chapa alipoingia. Alikuwa anacheka, lakini kicheko kilimkwama mahali. Akajitupa kwenye kiti chake.

Akawasimulia. Alikuwa amesubiri kuitwa, kimya. Akaenda mahakamani kuuliza, akazungushwa dirisha hadi dirisha, mpaka msichana mmoja wa masjala akamhurumia na kumwambia kwa kunong'ona kwamba jina lake limefutwa kwa sababu yeye ni rafiki wa jaji.

"Mimi!" akasema, akijipiga kifua. "Ningekuwa na rafiki jaji, ningekuwa nashindana na umeme kwenye duka la fotokopi?"

Wanawake wakaanza, kila mmoja na lake. Wana watu wao hao. Hicho ni kisingizio. Wakikosa sababu wanatunga. Msusi akasema huyo jaji mwenye uso wa kufunga duka hana rafiki hata wa dawa, sembuse Mama Chapa. Mama Chapa akatikisa kichwa, akafuta macho kwa kiganja, kisha akageuka kwa jirani yake kama alivyozoea.

"Bi Taratibu, wewe uko serikalini. Niambie, jaji analalamikiwa wapi? Naweza kumwandikia nani?"

Jaji alimtazama kwenye kioo, kwa sababu kumtazama ana kwa ana hakuweza.

"Ni mimi," akasema. "Jaji ni mimi."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Mkono wa msusi ukatoka kichwani. Mama Chapa mwenyewe alikuwa ameanza kutabasamu kwa kuwa alidhani ni utani, na tabasamu likachukua muda kumtoka, likaondoka kidogo kidogo, na Jaji aliliona lote mpaka likaisha.

"Ungesemaje," Mama Chapa akauliza polepole, "ili wasinifute?"

"Ningesema nakujua kwa sura."

"Na ungenichagua?"

"Ningekuchagua. Hakukuwa na mwingine wa kukufikia."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Kwa sababu wewe ni rafiki yangu," Jaji akasema. "Sina mwingine. Nisamehe. Sina mtu mwingine yeyote."

Mama Chapa hakupandisha sauti. Pengine angepandisha, angetukana, ingekuwa nafuu. Alikuwa anafikiri, na alifikiri kwa makini.

"Mimi nimekueleza yangu yote," akasema. "Mpaka mwenye nyumba unamjua. Wewe mimi najua nini chako? Kazi yako sikuijua. Unapolala sipajui. Nikifa leo hutapata habari, maana hata namba ya simu hukuwahi kuniomba." Akakunja vizuri kitambaa alichokuwa amekipakata. "Tulikuwa tunajuana kwa sura, Mheshimiwa. Hiyo ndiyo kweli. Ungesema kweli, ningekuwa na kazi."

Jaji alikuwa amesikiliza mawakili wakubwa wakitoa hoja siku nzima, na mara zote alikuwa na la kujibu. Safari hii alitafuta. Kila alichokishika kilikuwa cha upande wa pili.

Mama Chapa akainuka, akasema atasubiri nje zamu yake, akaenda kukaa kwenye benchi mlangoni. Mmoja akapunguza redio. Msusi akarudi kazini, na mikono yake, iliyokuwa ikivuta bila huruma na kumwambia Bi Taratibu avumilie, sasa ilimgusa kwa ncha za vidole. Akauliza kama inamuumiza Mheshimiwa. Jaji akasema haimuumizi. Wanawake waliokuwa wakisubiri wakawa wanatazama miguu yao, na aliyekuwa akila karanga akalisogeza bakuli kando, akapangusa mikono. Kazi iliyobaki ilichukua muda mrefu, na katika muda wote huo hakuna aliyesema jambo lolote la kuchekesha.

Msusi alipomaliza, Jaji alijifunga kitambaa, akasema asante, akaelekea mlangoni. Alikusudia kusimama pale kwenye benchi. Alikusudia kuomba ile namba ya simu, hata kama angekataliwa. Lakini kabla hajafika, Mama Chapa alikuwa ameshasimama, amejinyoosha wima, mikono pembeni, kichwa kimeinama kidogo, kama watu wasimamavyo mahakamani jaji anapotoka. Nyuma yake akasikia viti vikisogea. Wote walikuwa wamesimama, na walikuwa wakimsubiri apite ndipo wakae.

Akapita.